Riadha, Mshipi na Baruti

Kilima chetu cha Wazo hakina hadithi ya mizimu wala ya mfalme. Sifa yake yote ni mawe ya chokaa. Mwaka 1966 kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji hapo, na tangu siku hiyo Dar es Salaam imekuwa ikikila kilima hicho kidogo kidogo na kukigeuza maghorofa. Jina lenyewe huwachekesha wageni, wakauliza kama sisi wakazi wake tunawaza kuliko watu wa Temeke. Mimi huwajibu kwamba hapana, ila tuna nafasi nzuri ya kuwaza, maana mtu wa Wazo anaishi kati ya mlima na maji. Nyuma yake kuna machimbo. Mbele yake, akivuka barabara ya Bagamoyo na kushuka upande wa mashariki kwa miguu, haipiti saa moja na kitu yuko pwani ya Kunduchi au Ununio, penye ngalawa na mnada wa samaki.

Kuishi mahali hapo kumenipa mapenzi mawili ambayo wenzangu hawaoni uhusiano wake, yaani riadha na kuvua kwa mshipi. Huniambia kwamba wakimbiaji ni watu wa nyanda za juu na wavuvi ni watu wa pwani, kwa hiyo mwenye kupenda vyote viwili hajui anakotoka. Huenda. Lakini nimeishi muda wa kutosha kuviona vyote viwili vikipanda na kushuka, na katika kurasa hizi nataka kueleza nionavyo historia yake.

Nianze na riadha. Kuwa shabiki wa riadha katika mji wa Simba na Yanga ni upweke mkubwa. Shabiki wa mpira ana jezi, ana kijiwe na ana adui wa kutaniana naye kila Jumatatu. Shabiki wa riadha hana adui. Husubiri miaka minne, husikiliza redio dakika chache, kisha hurudi kusubiri tena. Kwa sisi tuliokuwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1970, hata hivyo, redio ile haikutunyima kitu.

Kabla yetu alikuwako John Stephen Akhwari wa Mbulu. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, mwaka 1968, alianguka njiani akaumia goti na bega, akafungwa bendeji, akaendelea. Alifika wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia, giza limekwisha kuingia na watazamaji wengi wamekwisha ondoka. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile kwenda kuanza mbio, bali kuzimaliza. Duniani kote wanamsimulia Akhwari. Mimi nampenda, lakini nina kinyongo kidogo na masimulizi hayo, kwa sababu yamewafanya watu wengi wadhani kwamba Mtanzania ni hodari wa kufika mwisho kwa uchungu. Miaka mitano tu baadaye tulianza kufika kwanza.

Januari 1973, katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, kijana wa Karatu, askari wa Jeshi la Wananchi, Filbert Bayi, alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya katika mita 1,500. Mwaka uliofuata, Jumamosi ya tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, Bayi alifanya jambo ambalo wataalamu wa wakati ule walikuwa wakilikataza. Alitoka mbele tangu bastola ilipolia, wala hakungoja mtu wa kumkata upepo. Wenzake walidhani atachoka. John Walker, mwenyeji, alimfukuza mpaka mwisho asimpate. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia, akaivunja ile ya Mmarekani Jim Ryun iliyokuwa imesimama tangu 1967. Alikuwa na umri wa miaka 20. Walker naye alikuwa ndani ya rekodi ya zamani, na wa tatu alikuwa Ben Jipcho wa Kenya. Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi aliongeza rekodi ya maili moja, dakika 3 na sekunde 51.0.

Rekodi hizo za dunia zilivunjwa kama zivunjwavyo rekodi zote. Lakini ile ya Christchurch ilibaki kuwa rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola hadi Agosti 2022 huko Birmingham, alipoivunja Oliver Hoare wa Australia. Miaka 48! Siku hiyo nilimpigia simu kila mtu niliyedhani angejali. Walikuwa wawili.

Halafu ikaja Montreal, 1976. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini mwaka uleule wa mauaji ya watoto wa Soweto, na kamati ya Olimpiki ikakataa kuifukuza New Zealand. Nchi zaidi ya 20 za Afrika zikasusia, Tanzania ikiwa mstari wa mbele. Dunia ilikuwa ikingoja Bayi na Walker wakutane tena. Walker akashinda peke yake kwa dakika 3 na sekunde 39.17, mwendo ambao Bayi angeuona wa mazoezi. Wapo watu wa rika langu wasemao kwamba siasa ilituibia medali, na kwamba hapo ndipo riadha yetu ilipovunjika mguu. Mimi sikubaliani nao. Medali tuliikosa, ni kweli, na Bayi ndiye aliyelipa gharama ambayo sisi tuliokuwa majumbani hatukulipa hata senti. Lakini nchi iliyokuwa na wapigania uhuru wa kusini katika ardhi yake isingeweza kupiga gwaride nyuma ya bendera ya New Zealand mwaka ule kisha ikajitazama kwenye kioo. Isitoshe, kama kususia ndiko kungetuua, tusingeonekana Moscow.

Na Moscow tulionekana. Februari 1980 Rais Carter wa Marekani alimtuma Muhammad Ali, bondia aliyependwa Afrika nzima, kuja Dar es Salaam kutushawishi tususie kwa ajili ya Afghanistan. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Kenya ilisusia, sisi tukaenda. Tarehe 31 Julai Bayi, sasa akikimbia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, alitoka mbele kama kawaida yake, akaacha pengo kubwa, na katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akamkuta na kumpita. Fedha. Kesho yake Suleiman Nyambui akapata fedha nyingine katika mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, kwa chini ya sekunde moja. Medali hizo mbili za siku mbili zinazofuatana ndizo medali zote za Olimpiki ambazo Tanzania inazo mpaka leo ninapoandika.

Nyambui, kwa wale wasemao mvuvi na mkimbiaji hawakutani, ni mzaliwa wa Majita, upande wa Musoma, nchi ya mitumbwi na nyavu za Ziwa Viktoria. Baadaye alishinda marathoni ya Berlin mara mbili mfululizo, 1987 na 1988. Ongeza hapo Gidamis Shahanga wa Hanang, aliyeshinda marathoni ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978, akarudi Brisbane mwaka 1982 kushinda mita 10,000, Zakaria Barie akiwa wa pili. Ongeza Juma Ikangaa, mtu wa jeshi kama Bayi, ambaye Brisbane hiyohiyo alishindwa marathoni kwa sekunde 12 na Robert de Castella, kisha akawa wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988 kwa tofauti ya sekunde 1, na akashinda New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Majina hayo tulikuwa tukiyataja kama watoto wa leo wanavyotaja wachezaji wa Ulaya.

Sasa nishuke baharini.

Mshipi ni shule ya subira kwa mtu asiye na haraka ya kula. Sisi wa Wazo si wavuvi. Ni watu wa saruji, wa ofisi, wa maduka na wastaafu, na tunapokwenda Kunduchi au Ununio siku ya mapumziko huwa tunamlipa mwenye ngalawa atuchukue. Safari huondoka alfajiri, upepo mwepesi wa nchi kavu ukisukuma tanga kuelekea kisiwa cha Mbudya au miamba ya karibu. Miezi ya kaskazi, Novemba hadi Machi, bahari huwa na huruma. Wakati wa kusi nahodha mwenye akili hukuangalia tumbo lako kwanza ndipo akuambie bei. Lazima ujue bamvua na maji mafu, kwa sababu pwani yetu maji hupanda na kushuka kati ya mita 3 na 4 wakati wa bamvua, na mkondo ukianza kuvuta, mshipi wako unakwenda unakotaka wenyewe. Chambo ni ngisi au dagaa. Wanaokula ni changu, tasi, chewa, na siku ya bahati kolekole, ambaye akivuta unajua kweli umevutwa.

Mazungumzo ya kwenye ngalawa huwa ya mpira, bila shaka. Lakini nahodha mmoja wa Ununio, mzee ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akinisikiliza habari za Bayi kwa makini. Siku moja aliniambia, "Huyo bwana anayetoka mbele, mwalimu, ni kama ngalawa yenye tanga kubwa. Inapendeza, lakini nahodha wake hana wa kumtazama ajue upepo umegeuka." Sijapata kusoma uchambuzi bora kuliko huo juu ya mbio za Moscow. Watu wa pwani wanajua mashindano. Resi za ngalawa ni riadha yao, na kama Olimpiki ingekuwa na mbio za ngalawa, medali zetu zisingekuwa mbili.

Katika safari hizo ndipo nilipozoea kusikia milio miwili. Mmoja ulitoka nyuma, kilimani, machimboni, ambako baruti hupasua mawe kwa kibali na kwa saa zake. Mwingine ulitoka mbele, majini, na huo haukuwa na kibali wala saa. Ulikuwa mlio mzito, wa kifua zaidi kuliko sikio, na baada yake maji yalinyanyuka kidogo kwa mbali. Nahodha alikuwa akigeuza uso upande wa pili. Hakutaka kujua ni nani, kwani huenda alikuwa mpwa wake.

Uvuvi wa baruti ulianza pwani yetu tangu miaka ya 1960. Sheria ya Uvuvi ya 1970 iliukataza, na mwaka 1975 Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vikatangazwa kuwa hifadhi. Baruti haikusoma tangazo. Miaka ya 1990 ilikuwa mibaya mno. Ulihitaji mbolea, mafuta ya dizeli, chupa, utambi na ujasiri wa kijinga. Wako waliopoteza mikono, wako waliopoteza zaidi. Mlipuko mmoja huua kila kitu mahali ulipofika, wakubwa na watoto, wa kuliwa na wasioliwa, na wengi wao huzama wasiokotwe. Tumbawe lililokuwa nyumba yao husagika likawa kifusi. Tumbawe la mviringo hukua kama sentimeta 1 kwa mwaka, basi wewe piga hesabu ya jiwe lenye ukubwa wa meza.

Kina mama wa mnadani Kunduchi hawakuhitaji mtaalamu. Samaki wa baruti walimjua kwa kidole. Nyama yake imelegea, mifupa imeachana na nyama, na akikaangwa anavunjika vunjika. Walimnunua hivyo hivyo, kwa bei ya chini, kwa kuwa watoto wa nyumbani hawali sheria. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Jeshi la Wanamaji liliingia kazini na milio ikapungua sana, kisha katika miaka ya 2000 ikarudi kwa nguvu, pamoja na kwamba sheria mpya ilipitishwa mwaka 2003. Msako mkubwa uliounganisha vyombo mbalimbali vya dola, kuanzia mwaka 2016 hivi, ndio hatimaye uliotupumzisha. Leo naweza kukaa baharini asubuhi nzima nisisikie kitu isipokuwa kilima.

Kwa nini nasimulia baruti katika habari ya riadha? Kwa sababu nilipokuwa nikijiuliza wakimbiaji wetu walikwenda wapi, jibu nililipata nikiwa nashika mshipi usioguswa. Samaki hawakuhama. Mahali walipozaliana palikuwa hapapo tena.

Wakimbiaji wa miaka ya 1970 na 1980 walikuwa na mazalia yao. La kwanza ni shule. Mtoto wa Mbulu au Singida alikimbia shuleni, akashindana tarafa, wilaya, mkoa, kisha taifa, na mikoa ilioneana wivu kweli kweli. Ushindani huo wa mikoa ndio uliowatoa porini watu ambao hakuna kocha aliyewatafuta. La pili ni majeshi, yaani JWTZ, JKT, Polisi na Magereza, ambako kijana alipata chakula, viatu na muda. La tatu ni mashirika ya umma, ambayo yaliajiri mwanamichezo yakamwacha afanye mazoezi. Kiwanja nacho kilikuwapo. Kila shule, hata hizi zetu za Tegeta, ilikuwa na uwanja wa vumbi uliotosha kupigwa mzunguko wa chokaa.

Mashirika yalikwenda na ubinafsishaji wa miaka ya 1990. Sisemi yangebaki, mengi yalikuwa yakidai mishahara hewani. Lakini hakuna aliyeuliza mkimbiaji atalala wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule ikasimamishwa kitaifa kwa hoja kwamba inawapotezea watoto muda wa masomo. Ilirudishwa baadaye katika muongo huohuo, ila darasa zima la watoto lilikuwa limekwisha pita bila kukimbia mbele ya mtu mwenye saa mkononi. Uamuzi ule mimi nauita chupa ya baruti. Hakuna aliyeona damu, na matokeo yake yalionekana miaka 10 baadaye. Viwanja navyo vililiwa na nyumba. Huku kwetu eneo la wazi likikaa miaka miwili bila ukuta, mwenye ukuta hujitokeza.

Si kweli, hata hivyo, kwamba tulikufa kabisa, na hapa nagombana na wenzangu wapenda maombolezo. Francis Naali alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola huko Manchester mwaka 2002, na Samson Ramadhani akafanya vivyo hivyo Melbourne mwaka 2006. Mwaka 2005 Christopher Isengwe alipata fedha ya marathoni katika mashindano ya dunia ya Helsinki, na mwaka huohuo Fabiano Joseph akawa bingwa wa dunia wa nusu marathoni. Walitokea mmoja mmoja, kama samaki mkubwa anavyopatikana katika mwamba uliokwisha haribiwa, akamfanya mvuvi adhani bahari imepona.

Tena hapo mfano wangu unakwama, na ni haki niseme. Bahari ukiiacha peke yake inajirudisha. Tangu milio ikome, tasi wadogo wamerudi kwenye miamba ya karibu na Mbudya, na hakuna aliyewalisha. Mkimbiaji ukimwacha peke yake anakuwa dereva wa bodaboda. Yeye anahitaji kushikwa, kulishwa, kupelekwa mashindano, na kuambiwa ukweli juu ya muda wake. Kenya haina miguu iliyotofautiana na ya Hanang. Ina mashindano kila Jumamosi.

Alphonce Simbu wa Singida anathibitisha. Ni mtu wa jeshi, kama Bayi na Ikangaa. Yaani zalia moja kati ya yale matatu halikuvunjika. Alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata shaba ya dunia London mwaka 2017, fedha ya Jumuiya ya Madola Birmingham mwaka 2022, akawa wa pili Boston Aprili 2025. Miaka yote hiyo alikuwa mlangoni. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, baada ya kilometa 42, yeye na Mjerumani Amanal Petros walivuka mstari pamoja, wote wameandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi picha itazamwe. Simbu alikuwa mbele kwa mia tatu za sekunde, yaani 0.03, na hiyo ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Wiki ile nilishuka Ununio. Vijana walikuwa wamekaa mchangani wakitengua nyavu, nikawapa habari kwa furaha yote ya miaka 50. Mmoja akaniuliza kwa adabu, "Shikamoo babu. Huyo Simbu anacheza namba ngapi?" Nikamwambia hachezi namba, anakimbia. Akauliza kama anakimbilia Simba. Mwenzake akamkata, akataka kujua anakimbia umbali gani. Nikamwambia ni kama kutoka hapa Ununio mpaka karibu na Bagamoyo, bila kupumzika, kwa saa 2 na dakika 9. Akaacha wavu, akatazama kaskazini kwa muda, kisha akaniuliza ni wapi huku kwetu mtu anaweza kwenda kupimwa.